Boksi ndilo linalomaliza makali

Ndugu, umeuliza kwa nini kisu chako cha kukunja kinakuwa butu upesi hivyo, na kazi yake ni kufungua maboksi tu. Boksi ndilo adui mwenyewe. Mara nyingi hutengenezwa kwa makaratasi yaliyokwisha kutumika, na ndani yake hubaki chembe za udongo na mchanga zinazosugua makali kama msasa. Kata utepe peke yake kwa ncha, usipasue boksi lenyewe. Angalia pini za chuma, maana moja tu yaweza kuacha pengo kwenye makali. Kukata zulia kuukuu nako ni vivyo hivyo, maana limejaa mchanga. Sahani ya kauri au kioo ndiyo mbaya kabisa: usikatie juu yake, tafuta ubao. Maboksi yakiwa mengi, tumia kisu cha wembe wa kubadilisha.