Skani ya poti: tafuta kwanza ile inayotoka ndani

Seva yoyote yenye anwani ya IP ya umma itaskaniwa, yaani mtu atajaribu poti zake (milango yenye namba ambamo huduma hupokea mawasiliano) aone zipi ziko wazi, na jambo hilo halipaswi kumshtua msimamizi wake. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa ZMap, programu iliyoiwezesha kompyuta moja yenye kiungo cha gigabiti moja kupitia karibu anwani zote za IPv4, kwa poti moja, ndani ya dakika 45. Tangu hapo watafiti, huduma kama Shodan, inayoorodhesha vifaa vilivyo wazi mtandaoni, na wahalifu wote wanapiga hodi kwenye milango ileile kila siku. Nimesimamia mitandao ya ofisi kwa muda wa kutosha kujua kwamba anayetaka kupewa tahadhari kwa kila hodi ya nje huishia kuzizima tahadhari zote, zikiwemo zile ambazo zingemsaidia.

Ushauri wangu ni kuanzia ndani. Kompyuta ya mhasibu huongea na seva ya mafaili, printa, seva ya DNS na tovuti kadhaa. Ikianza kutafuta mashine ambazo haijawahi kuzihitaji, ama kuna programu hasidi ndani yake, ama kuna mtu anayeitumia kutafuta njia ya kusonga mbele. Fayawoli ya mpakani haitakuonyesha hayo, kwa kuwa trafiki ya kompyuta mbili zilizo kwenye subneti moja (kipande kimoja cha mtandao) haipiti hapo. Iagize swichi inakili trafiki na kuipeleka kwenye mashine yenye Zeek au Suricata, programu za kuchunguza trafiki ya mtandao.

Ukishaipata trafiki hiyo, usihesabu pakiti (vipande vya data), kwani nakala rudufu ya usiku ina pakiti nyingi kuliko skani yoyote. Hesabu ni anwani ngapi tofauti, au poti ngapi tofauti, ambazo chanzo kimoja kimezijaribu, na ni majaribio mangapi kati ya hayo yameshindwa. Poti iliyofungwa hujibu SYN (pakiti ya kuomba muunganisho) kwa RST (pakiti ya kuukataa), na iliyozuiwa na fayawoli mara nyingi hukaa kimya. Katika logi za Zeek hali hizo huandikwa REJ na S0. Mtumiaji wa kawaida hupata chache za namna hiyo, ilhali anayeskani huzirundika.

Niliwahi kuona kompyuta ya ofisini ikitafuta poti 445, ile ambayo WannaCry, programu hasidi ya kudai fidia, iliitumia kuenea Mei 2017. Ilianza na anwani inayoishia na 1, ikafuata 2, kisha 3, bila kuruka hata zile ambazo hazikuwa zimegawiwa mashine yoyote. Kwa anwani hizo tupu SYN haikuondoka kabisa, kwa sababu kompyuta hulazimika kwanza kuuliza kwa ARP, itifaki ya kutafuta mashine kwenye subneti, ni nani mwenye anwani, na hapakuwa na wa kujibu. Maswali hayo ya ARP hutangazwa kwa subneti nzima, kwa hiyo hata laptopu yenye tcpdump, programu ya kunasa pakiti, bila swichi kunakili chochote, ingeyaona yakipita kwa mpangilio. Ni dalili rahisi mno kuipata, na nashangaa ni wachache wanaoiangalia.

Skani ya polepole ni ngumu zaidi. Nmap, programu ya kuskani, ikiendeshwa kwa mpangilio wa T0 husubiri dakika 5 kati ya jaribio na jaribio, na kanuni inayohesabu matukio ya dakika moja haitaiona kamwe. Kwa trafiki ya ndani mimi hupendelea dirisha la saa 24, pamoja na mashine ya chambo isiyo na kazi yoyote, ambayo kila anayeigusa anastahili kuulizwa.

Mifumo ya kufuatilia vifaa nayo huskani kihalali. Iruhusu kwa anwani, poti na saa mahususi tu. Kuisamehe moja kwa moja ni kumpa mdukuzi atakayeiteka seva ya mfumo huo ruhusa ya kuzurura.

Tahadhari ikithibitika, usikimbilie kuizima kompyuta, maana kilichomo kwenye RAM (kumbukumbu ya muda) kitapotea. Tafuta anwani yake ya MAC (namba ya kifaa chenyewe) katika logi za DHCP (huduma inayogawa anwani za IP), ona kwenye jedwali la swichi imechomekwa tundu gani, ihamishie kwenye VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi) ya karantini, na uhifadhi pakiti ulizonasa kabla hazijafutwa na zinazofuata.