Maduka mawili, mhasibu mmoja: je, unahitaji mfumo wa OLAP?

Mkuu, kwa nilivyokuelewa, una maduka mawili na mauzo kidogo ya mtandaoni, bidhaa mia kadhaa na mhasibu mmoja. Sasa amekuja muuzaji wa programu anakuambia kwamba bila mfumo wa kuchambua data kwa pande nyingi, yaani OLAP, unaendesha biashara gizani. Unataka kujua kama anasema kweli au anafukuzia kamisheni.

Nimeshika upande wa takwimu kwenye biashara ya jumla ya vifaa vya ujenzi, na baadaye nimewasaidia wafanyabiashara wengine wadogo kupanga ripoti zao. Kwa maelezo uliyotoa, uchambuzi wenyewe unauhitaji. Mfumo wa kuununua, bado. Hivyo ni vitu viwili, na wauzaji wanapenda sana kuvifanya kimoja.

Kuchambua kwa pande nyingi maana yake unachukua namba moja, tuseme mauzo, unaitazama kwa bidhaa, kwa tawi, kwa aina ya mteja, kwa mwezi, kisha unazikutanisha pande hizo: bidhaa gani, tawi lipi, mwezi upi. Ukitaka unashuka kutoka jumla ya mwaka hadi risiti ya siku moja. Pivoti ya Excel, yaani jedwali linalojumlisha data kwa makundi unayoyachagua, inafanya kazi hiyohiyo, na imo ndani ya programu hiyo tangu toleo la 1993. Mwaka huohuo Edgar Codd, yule aliyebuni hifadhidata za kimahusiano (zile zinazoweka data kwenye majedwali yanayounganishwa), alitoa andiko lililolieneza jina la OLAP pamoja na kanuni zake 12. Andiko lile liligharimiwa na Arbor Software, kampuni iliyokuwa ikiuza Essbase, ambayo ni bidhaa ya aina hiyohiyo. Sisemi kanuni zilikuwa mbovu. Nasema tu kwamba maneno ya "wewe unakihitaji hiki" yamekuwa yakilipiwa na muuzaji tangu mwanzo.

Mifumo hii ilikuwa na sababu ya haki kabisa ya kuwepo. Kompyuta za wakati ule zilichukua muda mrefu kujumlisha mamilioni ya mistari, kwa hiyo wakaona afadhali jumla zipigwe mapema usiku na kuhifadhiwa kwenye kile wanachokiita mchemraba wa data. Pande nne zinakupa namna 16 za kujumlisha, pande kumi zinakupa 1,024. Bidhaa 400, wateja 1,000, siku 365 na matawi matatu ni vyumba milioni 438 ndani ya mchemraba, na karibu vyote ni vitupu, maana hakuna mteja anayenunua kila kitu kila siku katika kila tawi. Kuvipanga vyumba hivyo bila kujaza diski ndiyo kazi ngumu watu waliyokuwa wakiilipia.

Wewe huna tatizo hilo. Tuseme matawi yako yanatoa mistari 200 ya risiti kwa siku, siku 300 za kazi kwa mwaka. Hiyo ni mistari 60,000. Karatasi moja ya Excel tangu toleo la 2007 inabeba mistari 1,048,576, yaani zaidi ya miaka 17 ya mauzo yako (kabla ya hapo ilikuwa 65,536, na kilio cha wakati ule nakikumbuka vizuri). Ukifika ukomo huo, Power Pivot, nyongeza ya Excel yenyewe, inavuka hapo, na kuna DuckDB, programu ya hifadhidata ya bure, ambayo inameza mamilioni ya mistari kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani. Kwa hiyo mtu akikuuzia kasi, mwambie hapana.

Kinachoamua ni kama kuna mtu ndani ya biashara anayeuliza swali la pili. Swali la kwanza kila mtu analiuliza: mwezi huu tumeuza kiasi gani? Hilo halihitaji pivoti wala mchemraba, mashine ya risiti inalijibu. Pale nilipokuwa, kuna kipindi mauzo yalipanda na faida ghafi ikashuka. Mwenye biashara hakuridhika na jumla. Akauliza ni tawi gani, tukaona ni matawi yote. Akauliza ni kundi gani la bidhaa, tukaona saruji, yenye faida nyembamba, imekua kuliko vitu vingine. Hilo lilieleza sehemu tu ya pengo. Akauliza tena: na wanaonunua ni akina nani? Tulipokutanisha kundi la bidhaa na aina ya mteja na mwezi, ikaonekana makandarasi wakubwa walikuwa wakipewa punguzo la saruji hata kwenye rangi na mabomba, kwa sababu kwenye kompyuta punguzo liliwekwa kwa mteja badala ya bidhaa. Likarekebishwa.

Pivoti yenyewe haikuchukua muda. Kilichotuchelewesha ni kwamba aina ya mteja haikuwa imeandikwa popote. Ilibidi nikae na mkuu wa mauzo tupitie majina moja baada ya jingine: huyu fundi, huyu mkandarasi, huyu mwenye duka la rejareja. Mteja mmoja alikuwa na majina matatu kwa sababu kila karani aliandika anavyosikia. Nondo nyingine ziliuzwa kwa kipande, nyingine kwa tani, na zote ziko kwenye kolamu moja ya idadi. Mfumo wa bei yoyote ungekaa juu ya uchafu huohuo, halafu ungeuonyesha kwa rangi nzuri. Gharama kubwa ya uchambuzi wa pande nyingi iko kwenye orodha zako: bidhaa, wateja, matawi, na mtu mwenye jukumu la kuzitunza. Ukishazisafisha, zana yoyote inakufaa.

Kuna mahali ambapo Excel inaanza kukudanganya kimyakimya, na hapo ndipo naanza kumwelewa muuzaji wako. Si kila namba inajumlishwa kwa kila upande. Mauzo ya Januari na Februari unayajumlisha. Salio la stoo la mwisho wa Januari na la mwisho wa Februari ukiyajumlisha umepata upuuzi, ingawa salio la tawi moja na la tawi jingine kwa siku hiyohiyo yanajumlishika bila shida. Asilimia za faida za matawi mawili huzipigi wastani, unarudi kwenye faida na mauzo yenyewe ndipo ugawanye. Idadi ya wateja wa kila mwezi ukiijumlisha miezi 12 hupati wateja wa mwaka, kwa sababu mteja wa kila mwezi utakuwa umemhesabu mara 12. Halafu unahamisha bidhaa kutoka kundi moja kwenda jingine, na ripoti za mwaka jana nazo zinabadilika bila mtu kujua, isipokuwa uwe umehifadhi kundi la zamani pamoja na tarehe zake.

Mfumo mzuri huziandika sheria hizi mahali pamoja, mara moja, kila mtu akazitumia. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kuununua. Ukiona mhasibu, mkuu wa mauzo na wewe kila mmoja ana faili lake na kila mmoja ana faida yake ya mwezi uleule, wakati umekaribia. Vivyo hivyo kama mtu anatumia nusu ya wiki kuunganisha kwa mkono data ya mashine ya risiti, duka la mtandaoni na stoo, au kama unataka meneja wa tawi aone la kwake tu na asione la mwenzake. Faili la Excel halikupi ulinzi wa maana wa namna hiyo.

Hata hapo, anza na hatua ya katikati: hifadhidata ndogo yenye jedwali moja la mauzo, mstari mmoja kwa kila bidhaa kwenye risiti, na orodha zako zikilizunguka. Usihifadhi jumla za siku peke yake, maana kutoka jumla huwezi kurudi kwenye risiti. Juu yake unaweka pivoti au dashibodi, yaani ukurasa wa chati na jumla. Kama siku moja utanunua mfumo mkubwa, mpangilio huo ndio utakaouingiza.

Mwenye wateja wanane wa ushauri wa kitaalamu asipoteze muda na haya yote, daftari linamtosha.

Kuhusu muuzaji wako: usikubali akuonyeshe mfumo kwa data yake ya mfano, ile huwa safi siku zote. Mpe mauzo yako ya mwaka jana yakiwa na uchafu wake, pamoja na maswali matatu uliyoshindwa kuyajibu mwaka huu, na ayajibu ukiwa umekaa pembeni yake. Muulize pia nani ataingiza bidhaa mpya kwenye makundi kila inapofika, na analipwa na nani. Ukishindwa kuyapata hayo maswali matatu, basi jibu unalo hata kabla hajafungua kompyuta yake. Ukiyapata, yaweke hapa pamoja na mistari michache ya risiti (futa majina ya wateja), nikupangie pivoti ya kuanzia.