Maswali na majibu: kitabu gani cha fonetiki kwa anayeanza?

Mwaka wa masomo ukianza hapa Bukavu, maswali ya wanafunzi wa isimu huja kwa wingi, na mengi yanahusu fonetiki, yaani somo la sauti za lugha. Tumechagua sita. Mengine yaliyofanana tumeyaunganisha.

Niko mwaka wa kwanza wa isimu. Pesa yangu inatosha kitabu kimoja tu cha fonetiki. Kifaransa nasoma vizuri, Kiingereza polepole. Ninunue kipi? (Mwanafunzi, Kadutu)

Fonetiki ni somo la mdomo na sikio kabla ya kuwa somo la daftari. Mwisho wa mwaka mwalimu hataishia kukuuliza kipasuo (sauti kama p au t) ni nini. Atatamka neno la lugha usiyoijua, na wewe utatakiwa kuliandika kwa alama za API, yaani Alfabeti ya Kimataifa ya Fonetiki. Kwa sababu hiyo tafuta kitabu kinachokulazimisha kutamka. Kitabu kinachopanga istilahi na maana zake peke yake hakitakufikisha huko, hata kama kimeandikwa vizuri.

Kwa hali uliyoeleza, tunakuchagulia A Practical Introduction to Phonetics cha J. C. Catford, kilichotoka 1988, kisha toleo la pili 2001. Usiogope Kiingereza chake. Sehemu kubwa ni maagizo mafupi: tamka hivi, shikilia hapo, rudia bila sauti, sikiliza ulimi uko wapi. Kina majaribio zaidi ya mia ya kufanya ndani ya mdomo wako mwenyewe, na hayahitaji mashine wala umeme. Jaribio la aina hiyo ni kama hili: tamka [i] ndefu, shikilia ulimi palepale usisogee hata kidogo, halafu viringa midomo kama unayepiga mluzi. Sauti inayotoka ni [y], irabu ya neno la Kifaransa lune, ambalo wengi wetu hulitamka kama line. Umejifunza kwa sekunde tano kwamba ulimi na midomo ni vitu viwili vinavyofanya kazi kila kimoja kivyake. Ukurasa mzima wa maelezo usingekupa ujuzi huo.

Kasoro zake tuzitaje pia. Fonetiki akustika, inayopima mawimbi ya sauti hewani, karibu haimo, na toni (kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno) zimeguswa kidogo kuliko mahitaji ya mtu wa lugha za Kibantu. Mapengo hayo yanazibwa na A Course in Phonetics cha Peter Ladefoged, kilichotoka mara ya kwanza 1975. Matoleo ya karibuni yana pia jina la Keith Johnson. Hicho ni kikubwa na ghali, kwa hiyo kitafute maktaba. Ila ukikifungua usisome kwa mfululizo. Katika toleo la saba, sura ya 3, 4 na 5 zinashughulikia Kiingereza, na mwanafunzi wa kwetu akianza nazo huchoka, akadhani fonetiki ni somo la matamshi ya Wamarekani. Soma sura ya 1 na 2, ruka hadi 6 na 7, kisha 9 na 10, ndipo urudi kwenye akustika sura ya 8. Sura ya 6, inayoeleza mikondo ya hewa, isome mara mbili: humo ndimo utakapoelewa kwa nini b ya Mswahili wa pwani katika baba, ambayo hewa yake huvutwa ndani, si ile b ya mbuzi.

Na kama Kiingereza kitakushinda kabisa, chukua La phonétique cha Jacqueline Vaissière, katika mfululizo wa Que sais-je?, 2006. Ni kurasa 128, bei nafuu, na kwa upande wa akustika na usikivu ni hodari sana. Lakini mazoezi hakina. Lazima ukisome pamoja na chati ya API na sauti zilizorekodiwa, la sivyo utabaki na maneno matupu.

Kwa fotokopi kuna toleo la zamani la kitabu cha fonetiki, la miaka ya 1980. Bado linafaa? (Ibanda)

Linafaa, kwa sababu mdomo wa binadamu haujabadilika. Kilichobadilika ni alama. Chati ya API ilirekebishwa kwa kiasi kikubwa mwaka 1989 katika mkutano wa Kiel, Ujerumani. Alama ɩ na ɷ ziliondolewa, zikabaki ɪ na ʊ. Mwaka 2005 iliongezwa ⱱ, sauti ya mdomo wa chini kupiga meno ya juu kwa haraka, ambayo inasikika katika lugha kadhaa za Afrika ya Kati, mojawapo ikiwa Kimono cha kaskazini-magharibi mwa nchi yetu. Basi chapa chati mpya, inayotolewa bure na Chama cha Kimataifa cha Fonetiki, uibandike ndani ya jalada. Alama ya kitabu ikipingana na chati, fuata chati.

Hatari iko kwenye fotokopi yenyewe. Nakala ya nakala hupoteza vitu vidogo, na katika fonetiki vitu vidogo ndivyo vyenye maana. Kabla ya kulipa, tafuta ukurasa wenye alama tatu hizi: [n̥] yenye kiduara chini, [t̪] yenye alama ya jino chini, na [ɛ̃] yenye wimbi juu. Kama kiduara kimekuwa doa, au wimbi na mstari wa toni havitofautishiki, usiichukue. Utajifunza makosa ya mashine ukidhani ni elimu.

Silabusi ya mwalimu wetu inaandika y pale ambapo kitabu kinaandika j, na j pale ambapo kitabu kina alama mbili zilizoungana. Nani ana haki? (Mwanafunzi wa Mashi, Bagira)

Wote wawili, kila mmoja katika desturi yake. Hili ndilo linalowaangusha wanafunzi wengi kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo tukae nalo.

Masikioni na machoni mwako kuna maandishi ya aina tatu kwa wakati mmoja. Kuna tahajia ya kawaida ya lugha zetu. Kuna mwandiko wa wataalamu wa lugha za Kiafrika, uliorithi mengi kutoka alfabeti ya Afrika iliyopendekezwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Na kuna API. Chukua maneno unayoyajua. Yai kwa API ni [jai], kwa maana [y] ya API tayari ni irabu ya lune. Chai ni [tʃai]. Jana, kwa wanaoitamka kama sisi, ni [dʒana]. Nyama ni [ɲama], herufi mbili zikiwa sauti moja, na ng'ombe inaanza na [ŋ]. Nayo c ya Mashi, ile ya kiambishi ci-, husomwa [tʃ], wakati [c] ya API ni kipasuo cha kaakaa gumu, sauti nyingine kabisa.

Mtego mkubwa zaidi ni alama za juu. Shuleni ulifundishwa Kifaransa, ambamo é na è ni irabu mbili tofauti: [e] na [ɛ]. Katika unukuzi (kuandika sauti kwa alama) wa lugha za toni, mstari ule ule haugusi aina ya irabu hata kidogo: é ni toni ya juu, è ni toni ya chini. Kilingala kinakuonyesha vizuri: moto ni mtu, motó ni kichwa, mɔ́tɔ ni moto uwakao. Katika neno la pili mstari unaeleza kupanda kwa sauti kooni, yaani toni. Katika la tatu ɔ inaeleza ulimi umeshuka kiasi gani, na mstari wa juu yake unaeleza toni. Mwanafunzi anayesoma mstari huo kwa macho ya Kifaransa hukosea kila neno la zoezi, kisha husema hana sikio. Sikio analo, kilichomponza ni tahajia.

Kwa wanaochunguza Kilega au Kinande kuna la ziada. Lugha hizo zina irabu saba, na vitabu vya zamani vya Kibantu huandika zile mbili zilizofungwa zaidi kwa kuweka kijimkia chini, i̧ na u̧, huku i na u za kawaida zikisimama mahali ambapo leo tunaandika ɪ na ʊ. Usipolijua hilo utaisoma orodha nzima ya maneno kinyume. Kwa Kinande tafuta pia kitabu kinachoeleza kusogea kwa shina la ulimi mbele. Ladefoged analieleza katika sura ya 9 kwa mifano ya Kiakan cha Ghana, na maelezo hayo yanasaidia.

Ushauri wetu: kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari chora safu tatu, tahajia, mwandiko wa silabusi, API, ujaze sauti zote za lugha yako. Ni kazi ya saa mbili. Fanya kabla ya somo la tatu.

Nafundisha darasa la watu zaidi ya mia, bila maabara. Nichague kitabu chenye sauti, au sauti hazitatumika? (Mwalimu, Bukavu)

Chagua chenye sauti, kisha jipange mapema. Pakua siku intaneti ilipo, weka kwenye simu. Hifadhi ya sauti ya maabara ya fonetiki ya UCLA (Chuo Kikuu cha California, Los Angeles) iko wazi kwa wote na ina lugha nyingi za Afrika. Kwa kusikiliza darasani, MP3 inatosha. Kwa kupima kwa programu ya Praat, ambayo ni ya bure, tumia WAV ya sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, mkondo mmoja. Dakika moja inakula karibu MB 5. Usirekodi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp kisha ukaipima, kwa sababu ujumbe huo hubanwa na sehemu ya sauti hupotea. Itume kama hati. Katika Praat weka kikomo cha formanti (masafa yanayovuma zaidi katika irabu) 5,000 Hz kwa mwanaume mzima na 5,500 kwa mwanamke. Kikomo kikiwa si chake, programu itaweka formanti mahali ambapo hazipo, na mwanafunzi ataamini namba.

Yasiyohitaji umeme ni mengi. Ukanda wa karatasi nyepesi wa sentimita mbili mbele ya midomo unaonyesha mpumuo, yaani hewa inayotoka kwa nguvu baada ya kipasuo: karatasi hurushwa na p ya Kiingereza katika pie, hutikisika kidogo tu kwa pas ya Kifaransa. Mswahili wa pwani hutenganisha hivyo tembo mnyama, mwenye mpumuo, na tembo pombe, isiyo nao. Kioo kidogo chini ya pua huingia ukungu kwa an ya Kifaransa, hakiingii kwa a. Kiganja kooni hutofautisha [s] na [z].

Imla ifanyike kila wiki, maneno kumi, na nusu yake yawe maneno yasiyo na maana katika lugha yoyote ya darasa. Neno linalojulikana huandikwa kwa kumbukumbu ya tahajia, sikio likiwa limelala. Gawa watu kumi kumi, kila kundi na msomaji anayebadilika, na mchanganye lugha: Mhavu akimsomea Mlega, wote wawili wanafanya kazi kweli.

Nina kitabu cha fonetiki ya Kifaransa cha kurekebisha matamshi. Hakitoshi? (Katuba, Lubumbashi)

Kwa irabu kinatosha kuanzia, maana Kifaransa kinatumia hadi irabu 16 ukihesabu zote, za puani zikiwemo, na hilo ni zoezi zuri la ulimi. Toni hutazikuta humo, wala vipasuo vya kuvuta hewa ndani, wala [k͡p] na [ɡ͡b] za lugha za Ubangi. Kitunze, lakini usikifanye kitabu cha somo.

Kwa nini nisisome fonetiki kwa Kiswahili tu? Vitabu vya Tanzania na Kenya vipo. (Mwanafunzi, Goma)

Visome, hasa kwa istilahi. Ukishajua ghuna, nazali, kikwamizwa, kaakaa laini na kimadende, mijadala ya somo inakuwa ya lugha yako mwenyewe, na tunapenda sana wanafunzi wa huku wafike hapo. Tena maelezo ya ala za sauti ndani ya vingi vya vitabu hivyo ni safi.

Jihadhari na jambo moja. Vingi vinaeleza Kiswahili sanifu, chenye [θ] ya thamani, [ð] ya dhambi na [ɣ] ya lugha. Hapa kwetu, kuanzia Goma hadi Lubumbashi, wasemaji wengi husema samani, zambi, luga. Ukiombwa unukuzi wa mtu uliyemrekodi sokoni Virunga, andika [z] aliyoitamka, hata kama kamusi ina dh. Tumeona kazi nyingi za wanafunzi zilizojaa [ð] ambayo hakuna aliyeitamka, na mwalimu makini hukata alama, kwa haki. Kitabu kinakupa orodha ya sauti zinazowezekana. Iliyotamkwa iko kwenye rekodi yako. Rudia kipande cha sekunde mbili mara tano kabla ya kuandika, na usipokuwa na uhakika kati ya [l] na [r], ambazo huku hubadilishana mara nyingi, weka alama ya kuuliza pembeni, endelea na neno linalofuata, kisha urudi kesho yake sikio likiwa limepumzika.