Fundi Anajibu: P0171, injini inayomisi na Corolla ya zamani

SWALI: Nina Toyota IST, injini 1NZ-FE. Sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, na kwenye foleni gari linataka kuzima. Mashine ya kupima ilisoma kodi (namba ya hitilafu) P0171. Fundi akabadilisha sensa ya oksijeni na kuzima taa ya cheki injini, lakini siku chache baadaye ikarudi. Sasa anataka ninunue pampu ya mafuta. Ninunue?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Usinunue bado. P0171 haisemi kwamba sensa ya oksijeni ni mbovu. Inasema sensa hiyo imeona hewa imezidi kipimo kinachofaa kwa petroli iliyopo, na kontroboksi (kompyuta ya injini) imeongeza petroli hadi kikomo chake bila kufanikiwa. Kuitoa ni kumfukuza shahidi aliyesema kweli. Kinachotakiwa ni kujua kama hewa imezidi au petroli imepungua.

Mashine ileile iliyosoma kodi inaweza kukuambia. Injini ikiwa imeshapata moto, fungua data zake na utafute STFT na LTFT, yaani asilimia ya petroli ambayo kontroboksi inaongeza au kupunguza kwa sasa hivi na kwa muda mrefu. Jumlisha namba hizo mbili gari likiwa sailensa, kisha ukiwa umeshikilia mzunguko wa 2,500 kwa dakika. Jumla ikiwa kati ya -10 na +10, iache. Ikiwa sailensa ni +25 na kwenye 2,500 inashuka hadi +5, kuna hewa inayoingia bila kupita kwenye sensa ya hewa. Injini inapovuta hewa kidogo, tundu dogo lina athari kubwa. Ikivuta nyingi, hewa ya tundu haifui dafu. Kama sailensa iko sawa lakini namba zinapaa ukikanyaga mafuta kupanda mlima, hapo ndipo pampu, chujio la petroli na sensa ya hewa yenye vumbi huanza kushukiwa.

Dalili zako zinaelekea zaidi kwenye hewa. Zima injini, shika bomba la mpira lililo kati ya ea klina na throto, ulikunje kwa mkono. Nyufa hujificha ndani ya mikunjo na hazionekani bomba likiwa limetulia. Fuata hozi ya PCV (inayorudisha mvuke wa oili kwenye injini), hasa kwenye kona ambako oili huulainisha mpira, halafu hozi ya busta ya breki, na mwisho gasketi ya manifoldi ya hewa. Usipoona kitu, washa injini, mtu atazame STFT huku wewe ukipuliza dawa ya kusafishia kabureta kidogokidogo kwenye maungio. Namba ikiporomoka ghafla, umepata mahali. Dawa hiyo inashika moto: isifike kwenye egzosti wala koili, na kizima moto kiwe karibu.

Hewa ikiwa salama, safisha sensa ya hewa kwa dawa yake maalumu. Usiuguse waya wake kwa pamba wala kuupiga kompresa, na uache ukauke kabla ya kurudisha. Baada ya hapo pima presha ya petroli. Injini hii inataka psi 44 hadi 50. Ikikaa humo hata ukikanyaga mafuta, pampu haina kosa na pesa yako ibaki mfukoni.

SWALI: Gari langu lenye injini kama hiyo linamisi (silinda haichomi vizuri) na linatoa P0303. Nimeambiwa nozeli zote zioshwe.
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: P0303 ni silinda ya tatu peke yake, kwa hiyo kuosha zote si hatua ya kwanza. Hamisha koili ya namba 3 uiweke namba 2, futa kodi, endesha. Ikigeuka P0302, koili ndiyo mbovu. Isipohama, fanya vivyo hivyo kwa plagi, kisha nozeli. Ukichomoa nozeli, kwanza toa presha: chomoa fyuzi ya pampu injini ikiwa inaunguruma hadi izime yenyewe. Oringi (pete za mpira) za zamani usizirudishe, maana zinavujisha petroli juu ya injini ya moto.

SWALI: Corolla ya 1996, injini 5A-FE, inatoa moshi mweusi na kula mafuta mno. Mashine za gereji haziisomi.
*Msomaji, Dodoma*

JIBU: Chini ya boneti kuna kisanduku cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS. Unganisha matundu yake ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, uhesabu mimweko ya taa ya cheki injini. Mimweko ya haraka isiyokatika maana yake hakuna kodi. Miwili, kituo kifupi, kisha miwili tena ni 22, sensa ya joto la maji.

Hata kodi isipotoka, sensa hiyo ipime. Kontroboksi hulalamika waya ukikatika au ukipiga shoti, lakini sensa inayodanganya kidogo hupita kimyakimya. Ile yenye waya mmoja ni ya geji ya dashibodi. Unayoitaka ina waya mbili. Kwenye nyuzi 20 isome ohm 2,000 hadi 3,000, na kwenye nyuzi 80 ohm 200 hadi 400. Ikibaki juu injini ikiwa ya moto, kontroboksi inadhani bado ni baridi na inamwaga petroli.

Taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) nayo iwekwe nyuzi 10 kabla ya TDC, yaani pistoni inapofika juu kabisa, gari likiwa sailensa na TE1 imeunganishwa na E1. Bila waya huo, kontroboksi inaendelea kusogeza moto yenyewe na fundi anazungusha distributa akifuata namba isiyotulia. Uchomoe kabla ya kuendesha.