Mwaka mmoja kabla ya uzamili: anzia wapi?

Mdogo wangu, hongera kwa kumaliza digrii. Umesema una mwaka mmoja kabla ya uzamili, unataka kujitolea na kuona dunia, ila wakala amekuomba fedha ili akupeleke Ujerumani. Usimpe hata senti.

Ujerumani ina utaratibu wa serikali wa kujitolea, Bundesfreiwilligendienst, ulioanza 2011 baada ya jeshi la lazima kusitishwa. Unaomba mwenyewe kwa taasisi inayopokea, na wakikukubali mnatia saini mkataba. Kwa kawaida ni miezi 12. Unapewa fedha za kujikimu, bima na mafunzo. Nyumba na chakula hutegemea taasisi, kwa hiyo uliza mapema na upate jibu kwa maandishi.

Kazi yenyewe si utalii. Ukipangiwa nyumba ya wazee, utaamka alfajiri kumwogesha bibi wa watu, kumvisha soksi na kumlisha taratibu huku akikusimulia mambo kwa Kijerumani cha kijijini kwao. Ndiyo maana nakuhimiza uanze lugha sasa hivi, Goethe-Institut, taasisi inayofundisha Kijerumani, ipo Dar es Salaam. Bila lugha, viza ni ngumu na upweke ni mkali.

Kama Ulaya si lazima, angalia mpango wa Vijana wa Kujitolea wa Umoja wa Afrika: miaka 18 hadi 35, unatumwa nchi nyingine ya bara hili. Kwa aliyesoma maendeleo ya jamii kama wewe, mimi ningeanza na huo.

Na uzamili, waandikie chuo kabla ya kuondoka uulize kama wanaruhusu kuahirisha nafasi.