Soma Mwanga Kwanza: Namna ya Kuutazama Mchoro wa Pwani wa Waimpreshonisti

Kwa muda mrefu nilizitazama picha za pwani kama mtu anayehesabu mali: mashua tatu, jabali moja, watu wawili ufukweni. Nikimaliza kuhesabu, nilidhani nimekwisha kuelewa. Siku hizi naanza na swali jingine: hapa ni saa ngapi, na hali ya hewa ikoje? Waimpreshonisti, kundi la wachoraji lililoibuka Ufaransa katika karne ya kumi na tisa, walishughulikia zaidi mwanga unaoviangukia vitu, na anayeanza na vitu huona kazi iliyoachwa nusu.

Anzia kwenye vivuli. Mara nyingi havikupakwa rangi nyeusi bali buluu au zambarau, kwa kuwa mchanga ambao jua haliufikii bado hupokea mwanga wa anga. Kisha tazama pale bahari inapokutana na mbingu. Mstari ukififia, kuna ukungu.

Chukua mchoro wa Claude Monet, mmoja wao, wa bandari ya Le Havre, Ufaransa, uitwao Impression, soleil levant (yaani Taswira, jua linachomoza), ambao ulioneshwa Paris mwaka 1874 na jina lake likawa chanzo cha jina la kundi zima. Jua ni duara dogo la rangi ya chungwa, nami niliamini kuwa ndilo linalong'aa kuliko vyote, hadi nilipotazama nakala isiyo na rangi na kukuta karibu limetoweka, kwa sababu nguvu ya mwanga wake inakaribiana mno na ya anga linalolizunguka. Ukali wote ule unatokana na chungwa kupakana na buluu iliyochanganyika na kijivu. Nilikaa kimya kwa muda.

Usikimbilie kusema kwamba bahari ni huzuni au mashua ni safari ya maisha. Hisia ipo, ila iache itokane na saa na hewa uliyokwisha kuisoma.

Ukipata kusimama mbele ya mchoro halisi, sogea karibu. Katika The Beach at Trouville (yaani Ufuko wa Trouville), ambao Monet aliuchora mwaka 1870 na sasa umo katika jumba la sanaa la National Gallery, London, chembe za mchanga zimenasa ndani ya rangi, maana alifanyia kazi palepale ufukweni. Mipigo ya brashi ni mipana na ya haraka, wala si uzembe: mwanga ulikuwa ukibadilika mbele ya macho yake. Sasa rudi nyuma hatua tano au sita, na mipigo ile itajikusanya tena kuwa gauni jeupe, mwavuli na upepo.