Nilipe Faini Yaishe, au Nimtafute Wakili?

SWALI: Mheshimiwa Wakili, salaam. Mimi ni dereva wa gari la kusambaza dawa, na kazi hii nimeifanya kwa miaka tisa. Siku nne zilizopita nilisimamishwa na askari wa usalama barabarani, nikaambiwa kwamba kifaa chake kimenisoma nikiwa kwenye mwendo wa kilomita 84 kwa saa mahali ambapo mwisho ni 60. Tulikuwa magari matatu, na moja lilikuwa ndiyo kwanza linanipita, lakini aliyesimamishwa ni mimi. Karatasi niliyopewa inanitaka nilipe faini, au nifike mahakamani tarehe iliyoandikwa. Leseni yangu tayari ina pointi za kosa la mwaka jana. Wenzangu kazini wananiambia nilipe yaishe, kwa kuwa ada ya wakili inaweza kuizidi faini yenyewe. Je, ushauri wao ni sahihi?

*Dereva wa dawa*

JIBU: Ndugu Dereva, wenzako wamelinganisha ada ya wakili na faini, na kwa mtu ambaye leseni yake ni safi na ambaye haendeshi gari kwa ajili ya kujipatia riziki, hesabu hiyo mara nyingi hutosha. Kwako haitoshi. Unachopaswa kukiweka upande wa pili wa mizani ni pointi zitakazoongezwa juu ya zile za mwaka jana, bima itakayopanda, na mwajiri ambaye siku moja atataka kuiona leseni yako. Nchini Uingereza, kwa mfano, dereva akifikisha pointi 12 ndani ya miaka 3, kwa kawaida hufungiwa kuendesha kwa muda usiopungua miezi 6, na aliyepata leseni yake ya kwanza huipoteza akifikisha pointi 6 ndani ya miaka 2. Nchini Ujerumani leseni huondolewa pointi zikifika 8. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua, kwa sheria ya mahali ulipo, una pointi ngapi, kosa hili litaongeza ngapi, na za zamani zitafutika lini. Huenda ukagundua kwamba unakaribia ukingo, au kwamba bado uko mbali nao. Jibu la swali lako limelala hapo kuliko mahali pengine popote.

Nakusihi usilipe chochote kabla ya kupata ushauri, kwa sababu katika nchi nyingi kulipa faini iliyoandikwa kwenye karatasi huhesabiwa kuwa ni kukiri kosa, na aliyekwisha kukiri hupata taabu kubwa kuufungua tena mlango huo. Lakini pia usiiweke karatasi kwenye droo. Muda wa kupinga huwa mfupi. Ujerumani, kwa mfano, ni wiki 2 tangu kukabidhiwa uamuzi. Nimepokea wateja wenye hoja nzuri kabisa ambao walifika kwangu siku tatu baada ya muda kuisha, na sikuwa na la kuwafanyia isipokuwa kuomba nyongeza ya muda, ombi ambalo hakimu halazimiki kulikubali.

Sasa nije kwenye yale magari matatu, kwa kuwa barua yako ina jambo la thamani ambalo nadhani hukuliona. Ukisimama mbele ya hakimu na kusema, “Aliyenipita alikuwa na mwendo mkubwa kuliko wangu,” utakuwa umelalamika tu, na pengine utakuwa umekiri nusu ya kosa, maana kosa la mwenzako halifuti lako. Lakini jambo lilelile likitamkwa kama swali kwa shahidi, yaani, “Ulijuaje kwamba mwendo ule wa 84 ni wa gari hili na si wa lile lililokuwa likilipita?” linakuwa utetezi halisi, kwa sababu upande wa mashtaka ndio wenye wajibu wa kuthibitisha kwamba kipimo kile ni chako. Uzito wa swali hilo hutegemea aina ya kifaa, ambacho madereva wengi hukiita tochi. Kama ni cha rada, mwale wake hutanuka kadiri unavyokwenda mbali: mwale wenye upana wa digrii 12 ukifika mita 100 huwa umefunika karibu mita 21, nafasi inayoweza kubeba magari yote matatu kwa pamoja. Kama ni cha leza, hata kwenye mita 300 mwale huwa na upana wa takriban mita moja tu, na hapo askari aliyelenga vizuri ana jibu zuri. Wakili anayezijua kesi hizi atataka kujua aina ya kifaa kabla hajakuahidi lolote.

Atataka pia kuona hati ya uhakiki wa kifaa hicho, kumbukumbu ya majaribio yaliyofanywa siku ile kabla ya kazi kuanza, uthibitisho kwamba askari amefunzwa kukitumia, na maelezo aliyoyaandika papo hapo. Miaka kadhaa iliyopita nilimtetea dereva ambaye jalada lake lilionekana kamili. Niliiweka hati ya uhakiki ubavuni mwa maelezo ya askari, nikapitisha kidole juu ya namba za kifaa, tarakimu moja baada ya nyingine, na ya mwisho haikulingana: hati ilikuwa ya kifaa kingine. Mwendesha mashtaka aliomba ahirisho ili atafute hati sahihi, hakuipata, na shtaka likaondolewa. Hapakuwa na ufasaha wowote katika ushindi ule. Palikuwa na usomaji wa karatasi, na huo ndio sehemu kubwa ya kile unachokilipia unapomlipa wakili.

Usitoe fedha, hata hivyo, kwa hoja zisizo na msingi. Inayorudiwa sana ni kwamba askari aliyesimama pembeni ya barabara hupata kipimo kilichozidi kwa sababu ya pembe. Hali halisi ni kinyume chake: kifaa kisichotembea, kikilenga kwa pembe, husoma mwendo pungufu. Gari lenye mwendo wa 100 likipimwa kwa pembe ya digrii 10 husomeka kama 98 na kidogo. Vivyo hivyo, herufi moja iliyokosewa katika jina lako haiui kesi. Mahakama nyingi huruhusu marekebisho ya namna hiyo.

Lipo pia jambo ambalo watu hawalihesabu kuwa ushindi, nalo ni mazungumzo na mwendesha mashtaka kabla ya shauri kuitwa. Pale sheria inaporuhusu, wakili anaweza kuomba shtaka libadilishwe liwe dogo lenye pointi chache, na kwa mtu wa hali yako tofauti hiyo inaweza kuokoa ajira. Ushahidi ukiwa mzito, bado ataweza kumweleza hakimu, kwa nyaraka na si kwa maneno matupu, kwamba una miaka tisa barabarani na kwamba kazi yako ni ya kufikisha dawa.

Ushauri wangu kwako ni huu: mlipe wakili kwanza kwa kikao kimoja cha kusoma karatasi zako. Mwulize amesimamia kesi za barabarani mara ngapi katika mahakama hiyohiyo, na mkubaliane kwa maandishi kama ada inahusu kikao kimoja au shauri zima pamoja na maahirisho na rufaa. Baada ya kusoma, anaweza kukuambia ulipe faini na urudi kazini. Nimewaambia wengi hivyo, na sikuona haya kupokea ada ya kikao, kwa kuwa walirudi nyumbani wakijua wanachokikiri.

SWALI: Sina uwezo wa kumlipa wakili. Je, mahakama haiwezi kunipa wa bure katika kosa la barabarani?

JIBU: Kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, usiliwekee tumaini kubwa. Nchini Marekani, ambako haki ya kupewa wakili imepiganiwa sana, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua mwaka 1972 kwamba mtu asiye na wakili hawezi kufungwa jela hata kwa kosa dogo isipokuwa ameikana haki hiyo mwenyewe, kisha mwaka 1979 ikaeleza kwamba haki hiyo haimfikii anayeishia kutozwa faini peke yake. Kosa lako likiwa na uwezekano wa kifungo, mwambie hakimu siku ya kwanza, kabla hujajibu shtaka, kwamba unahitaji wakili na huna uwezo. La sivyo, uliza katika vituo vya msaada wa kisheria au vyuo vinavyofundisha sheria, na uende mahakamani siku moja kabla ya siku yako, ukae nyuma, usikilize kesi za wengine zinavyoendeshwa.

SWALI: Wakili niliyemwendea ameniambia nisiwe na wasiwasi, kesi hii lazima ashinde. Amesema hivyo kabla hajaona karatasi. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, hakuna wakili anayeweza kukuhakikishia uamuzi wa hakimu, na maadili ya kazi yetu katika nchi nyingi yanakataza ahadi ya namna hiyo. Mwombe akurudishie nakala za nyaraka zako, udai stakabadhi ya fedha ulizokwisha kumpa, na umtafute mwingine wiki hii hii, kwa kuwa siku za kupinga zinaendelea kuhesabiwa.